Siku Kumi, Himalaya, na Hamjawahi Kupanda Mlima: Anzieni Poon Hill

Msomaji mmoja, mwalimu kutoka Mombasa anayefundisha Doha, ametuandikia kwamba yeye na mwenzake wana likizo ya siku kumi, ama mwishoni mwa Desemba ama mwishoni mwa Machi, na wangependa kuitumia kuiona Himalaya kwa kutembea. Wote wawili hawajawahi kupanda mlima wowote. Nia yao ya kwanza ilikuwa kufika kambi ya msingi ya Everest, lakini wamesikia habari za watu waliougua kwa sababu ya mwinuko, na sasa anauliza kama safari hiyo inamfaa mtu anayeanza, na kama haimfai, waende wapi na wajiandae vipi.

Ndugu msomaji, Everest kwa siku kumi haifai. Njia ya kufika kambi hiyo haihitaji ufundi wa kamba wala wa barafu, na watu wa kawaida kabisa hufika kila mwaka. Kinachowakwamisha ninyi ni kalenda. Kambi iko mita 5,364 juu ya usawa wa bahari, na safari huanzia Lukla, mita 2,860 hivi, ambako hufikiwa kwa ndege ndogo isiyoruka mara tu ukungu unapofunga bonde. Katika miezi yenye wageni wengi safari nyingi za ndege hizo haziondoki hata Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, bali Manthali katika wilaya ya Ramechhap, mwendo wa gari unaochukua saa nne au tano, usiku wa manane. Kutembea kwenyewe kunahitaji siku kumi na moja au kumi na mbili kwenda na kurudi. Mwenye siku kumi akilazimisha, zitakazokatwa ni zile siku mbili za kupumzika ili mwili uzoee hewa nyepesi, na kwa mgeni wa milima hizo ndizo zisizopaswa kuguswa.

Ninachowashauri ni mzunguko wa kijiji cha Ghorepani na kilima cha Poon Hill, kaskazini-magharibi ya mji wa Pokhara, katikati ya Nepal. Ili mpate picha ya kimo chake, mpandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, wa pili Horombo, mita 3,720, na wa tatu Kibo, mita 4,720. Ninyi mtalala juu kabisa Ghorepani, ambako ni takriban mita 2,870, kisha alfajiri mtapanda hadi juu ya Poon Hill, mita 3,210, na kushuka tena kabla ya kifungua kinywa. Kwa maneno mengine, hata kimo chenu cha juu kabisa kinakaa kati ya usiku wa kwanza na wa pili wa Kilimanjaro, na bado mtasimama mbele ya Dhaulagiri yenye mita 8,167, mlima wa saba kwa urefu duniani. Kuna njia nyingine nzuri ambazo wenyeji watawatajia, kama Mardi Himal, ambayo kambi yake ya kulala ya juu imepita mita 3,500, au bonde la Langtang, ambalo huwafikisha watembeaji Kyanjin Gompa kwenye mita 3,870. Hizo ziwekeni kwa safari ya pili, mkishajua miili yenu inavyopokea mwinuko.

Kuhusu ugonjwa wa mwinuko wenyewe, ni vyema kuujua bila kuuogopa kupita kiasi. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida, na huweza kumpata mtu yeyote anayelala juu ya mita 2,500, awe kijana au mzee, mwanamichezo au mtu wa kukaa ofisini. Kanuni inayofuatwa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na siku ya kupumzika. Njia yenu haifiki hata kwenye mpaka huo kwa kulala, kwa hiyo watu wengi hawaihitaji acetazolamide, dawa ya kuuzuia ugonjwa huo. Hata hivyo daktari ndiye wa kuamua, hasa kama mmoja wenu ana mzio wa dawa za salfa. Mtu akiumwa kichwa Ghorepani, asipande zaidi hadi kichwa kitulie. Akianza kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi hali amekaa, anateremshwa papo hapo, hata kama ni usiku.

Mwinuko, basi, si adui wenu mkubwa. Adui wenu ni ngazi. Wageni wengi hufika Nepal wakidhani watatembea kwenye njia ya udongo inayopanda kidogo kidogo, lakini vijiji vya huku vimeunganishwa kwa vipande vya mawe vilivyopangwa kwa mkono, na kati ya Tikhedhunga, mita 1,540 hivi, na kijiji cha Ulleri kilicho karibu na mita 2,000, kuna zaidi ya ngazi 3,000 zinazofuatana karibu bila tambarare. Mkihesabu ghorofa moja kuwa mita tatu, hiyo ni kama kupanda ghorofa 150 kwa asubuhi moja. Na mawe hayo hayalingani: moja linafika kwenye kifundo cha mguu, linalofuata linakaribia goti.

Doha ni mji tambarare na wenye joto, na mtu anaweza kuishi humo mwaka mzima bila kupanda kilima hata kimoja. Ila mji huo una majengo marefu. Anzeni miezi miwili kabla ya safari, mara tatu kwa wiki, kwa kupanda ngazi za jengo mnaloishi mkiwa na begi la mgongoni lenye kilo tano au sita, na muhimu zaidi, msishuke kwa lifti. Kupanda huchosha moyo na mapafu, ambayo hupumzika ukisimama dakika chache. Kushuka huumiza misuli ya mapaja inayofanya kazi ya breki, na maumivu yake hujitokeza siku ya pili, yaani siku ileile ambayo bado unashuka. Nimewaona vijana wenye nguvu waliofika Poon Hill wakicheka, wakaingia kijiji cha Ghandruk wakishuka ngazi kinyumenyume huku wameshika ukuta. Kama wiki ya mwisho kabla ya safari mnaweza kupanda na kushuka ghorofa 70 au 80 kwa mkupuo, mko tayari. Nunueni au kodisheni fimbo mbili za kutembelea kila mmoja, na mzirefushe kidogo wakati wa kushuka ili uzito uende kwenye mikono badala ya magoti.

Sasa nieleze siku zenyewe. Siku ya kwanza mnatua Kathmandu, mnakata visa uwanjani na kulala. Siku ya pili mnakwenda Pokhara, ama kwa ndege ya chini ya nusu saa, ama kwa basi linalotumia siku nzima kwa umbali wa kilomita 200 hivi. Siku ya tatu gari linawatoa Pokhara hadi Hile au Tikhedhunga, na mnapanda hadi Ulleri kulala. Wapo mawakala watakaowashauri mpande gari la jeep moja kwa moja hadi Ulleri, kwa kuwa barabara sasa inafika huko, na mfike Ghorepani siku hiyohiyo. Sikubaliani nao kwa mtu anayeanza. Kutoka Pokhara, iliyo kwenye mita 820 hivi, hadi kulala Ghorepani ni kupanda zaidi ya mita 2,000 kwa siku moja, na ndipo watu huamka na kichwa kizito. Ngazi za Ulleri zipandeni mkiwa na miguu isiyochoka, mlale pale, na siku ya nne mwende Ghorepani taratibu kupitia misitu ya Banthanti na Nangethanti.

Siku ya tano ndiyo kiini cha safari. Mnaamka saa kumi na nusu alfajiri, mnavaa kila nguo mliyonayo, na mnapanda kwa mwanga wa tochi za kichwani kwa muda usiozidi saa moja. Msitegemee upweke, katika msimu wa wageni ngazi hizo huwa msururu mmoja wa taa. Juu kuna uwanja wa nyasi, mnara wa chuma wa kutazamia na banda la kuuza chai. Kushoto, ng'ambo ya korongo la mto Kali Gandaki, inasimama Dhaulagiri. Mbele ni safu ya Annapurna, ambayo kilele chake kikuu cha mita 8,091 kilikuwa cha kwanza kati ya milima inayozidi mita 8,000 kufikiwa na binadamu, mwaka 1950. Kulia zaidi ni Machapuchare, mita 6,993, ambao serikali ya Nepal hairuhusu upandwe kwa kuwa ni mtakatifu. Msafara wa Waingereza wa mwaka 1957 ulifika karibu kabisa na kilele chake ukarudi, na kiongozi wake, Jimmy Roberts, ndiye aliyeanzisha katika miaka ya 1960 kampuni ya kwanza ya Nepal ya kuwatembeza wageni wa kawaida milimani, kwa hiyo safari za aina mnayoipanga zina umri wa miongo sita tu.

Mkisharudi na kula, msidhani kazi imekwisha, kwa maana siku hiyohiyo mnatembea saa tano au sita za kupanda na kushuka hadi Tadapani, mita 2,630. Siku ya sita ni fupi, saa tatu au nne za kushuka hadi Ghandruk, kijiji kikubwa cha kabila la Wagurung chenye nyumba za mawe, na hapo nawasihi mfike mapema ili mpate mchana mzima wa kukizunguka. Ndipo mradi wa hifadhi ya Annapurna ulipoanzia mwaka 1986, na wanaume wengi wa huku wamewahi kuwa askari wa Gurkha katika majeshi ya Uingereza na India. Siku ya saba mnarudi Pokhara kwa gari, ya nane mnarudi Kathmandu, na ya tisa ni ya akiba. Siku hiyo ya akiba msiiuze kwa chochote, kwani barabara huporomoka na ndege za ndani hughairishwa.

Kati ya Desemba na Machi, ningechagua Machi, ingawa si uamuzi mwepesi. Desemba anga ni safi na milima huonekana kwa ukali wake wote, lakini usiku wa Ghorepani hushuka chini ya nyuzi sifuri, vyumba havina joto, na theluji ikianguka hugeuka kuwa barafu kwenye ngazi za kivulini, jambo ambalo mtu asiyewahi kukanyaga barafu hapaswi kulijifunzia kwenye mteremko. Mwishoni mwa Machi misitu kati ya Ulleri na Tadapani huwa imejaa maua mekundu ya lali gurans, ua la taifa la Nepal, ambalo huku ni mti mrefu kuliko nyumba. Gharama yake ni ukungu wa vumbi na moshi wa moto wa misitu unaofifisha mabonde, pamoja na mawingu na radi za alasiri. Ndiyo maana mnatembea asubuhi na kuwa chini ya paa ifikapo saa nane mchana. Siku moja mkipata likizo ya Novemba, hiyo inazishinda zote mbili. Juni hadi Septemba ni masika ya huko, yenye ruba na maporomoko ya ardhi, na haiwafai. Na hata mwezi unaosifiwa hauna dhamana: katikati ya Oktoba 2014, mabaki ya kimbunga Hudhud yalishusha theluji nzito karibu na njia ya Thorong La, katika eneo hilihili la Annapurna, na zaidi ya watu 40 wakafa. Mwongozaji akisema leo hatutoki, msibishane naye.

Hapo tumefika kwenye suala la mwongozaji. Tangu Aprili 2023 Bodi ya Utalii ya Nepal inawataka wageni wanaotembea katika maeneo ya hifadhi wawe na mwongozaji mwenye leseni. Utekelezaji haufanani kila mahali, lakini kwenu ninyi wanaoanza ningeshauri mumchukue hata kama kanuni isingekuwepo. Msichukue mfano wa Kilimanjaro, ambako kampuni huja na mpishi, mahema na kundi zima la wagumu, yaani wapagazi. Huku mnalala kwenye nyumba za wageni za vijijini na kuagiza chakula mezani, hivyo watu wawili wanahitaji mwongozaji mmoja na mpagazi mmoja. Mwongozaji hulipwa takriban dola 25 hadi 35 kwa siku na mpagazi dola 20 hadi 25, pamoja na bahasha ya shukrani mwishoni. Ulizeni mapema kama wamekatiwa bima na kama mpagazi ana viatu na koti la baridi. Mizigo yenu wote wawili isizidi kilo 20, kiwango kilekile kinachoruhusiwa kwa mgumu wa Kilimanjaro. Hapo mpagazi naye ana begi lake dogo la kuongezea.

Kibali cha hifadhi ya Annapurna kwa mgeni asiye wa Asia ya Kusini ni rupia 3,000 za Nepal, na wakala wenu atakishughulikia pamoja na kadi ya watembeaji iitwayo TIMS. Bebeni picha za pasipoti. Visa ya siku 15 ni dola 30, na mwenye pasipoti ya Kenya huipata akifika. Mwenzako akitokea Mombasa, abebe kadi ya manjano ya chanjo, na aangalie sana tiketi zinazopitia India, ambayo ni kali kwa abiria wanaotoka Kenya bila cheti cha homa ya manjano. Wewe unayetoka Doha una ndege ya moja kwa moja ya chini ya saa tano, iliyojaa Wanepali wanaorudi nyumbani, kwa hiyo kata tiketi mapema. Na kabla ya hapo zungumza na Wanepali mnaofanya nao kazi. Hali ya barabara ya Pokhara wiki hii wanaijua kuliko tovuti yoyote.

Chakula hakitawasumbua watu wa pwani. Mlo wa kila siku ni dal bhat, yaani wali, supu ya dengu, mboga na achari, na mara nyingi unaongezewa bila kulipa tena. Chapati pia zipo. Kwa Mwislamu, kula mboga tupu ndilo jibu rahisi, na hata kwa asiye Mwislamu ndilo jibu la afya, kwa sababu nyama hupandishwa mlimani bila jokofu. Maji ya bomba yatieni dawa ya kusafisha au yapitisheni kwenye chujio. Bei hupanda kadiri mnavyopanda, na maji moto ya kuoga, kuchaji simu na intaneti hulipiwa kando, hivyo toeni rupia taslimu Pokhara za kutosha safari nzima. Koti zito la manyoya ya bata na mfuko wa kulalia hukodishwa Pokhara au mtaa wa Thamel, Kathmandu, hamna haja ya kununua. Viatu pekee ndivyo vya kununua nyumbani na kuvivaa wiki kadhaa kabla. Kateni kucha za miguu siku moja kabla ya kuanza, kwa sababu kwenye mteremko kidole gumba hugonga ncha ya kiatu kutwa nzima.

Kuna jambo moja la njiani ambalo wageni hawaambiwi. Mtasikia kengele kabla ya kuona kitu, kisha msafara wa nyumbu utatokea kwenye kona ukiwa umebeba mitungi ya gesi na magunia ya mchele yaliyotokeza pembeni. Nyumbu hamkwepi mtu. Jibanzeni upande wa ukuta wa mlima, kamwe si upande wa bonde, mgeuze mabegi yenu yasikwaruzwe, na msubiri hadi wa mwisho apite. Watu wameangushwa kwa kusimama ukingoni wakipiga picha.

Bima ndiyo ya mwisho, na someni masharti yake kwa macho yenu. Iwe inataja matembezi ya mlimani hadi kimo cha mita 4,000 au zaidi, na uokoaji wa helikopta. Mwaka 2018 uchunguzi wa serikali ya Nepal ulifichua mtandao wa kuwaitia helikopta wageni wasiozihitaji ili kuzikamua kampuni za bima, kwa hiyo mtu akisisitiza mpande helikopta kwa kuumwa tumbo, pigeni kwanza namba ya kampuni yenu. Kwenye njia hii mara nyingi farasi na jeep hutosha. Tangu 2013 Umoja wa Ulaya umeyaweka mashirika yote ya ndege ya Nepal katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na baadhi ya bima huzingatia hilo, basi ulizeni kama ndege ya Kathmandu–Pokhara imo. Ikiwa haimo, basi la watalii huondoka Kathmandu mapema asubuhi; kaeni upande wa kulia, ambako milima huonekana hali ya hewa ikiruhusu.